Namna ya Kuchimbua Mahame ya Mji wa Biashara wa Waviking

Ulaya ya Kaskazini ina mahame machache ya miji iliyostawi kwa biashara zama za Waviking, yaani mabaharia wa Skandinavia wa karne ya 8 hadi ya 11, ikaachwa na wakazi wake, wala haikujengewa mji mwingine juu yake. Hedeby, uliokuwa mwisho wa hori ya Schlei katika ardhi ambayo leo ni Ujerumani ya Kaskazini, ulianza katika karne ya 8, ukaporwa na kuchomwa moto mwaka 1050 na Harald Hardrada, mfalme wa Norwei, ukashambuliwa tena na Waslavi mwaka 1066, kisha shughuli zake zikahamia Schleswig, ng'ambo ya maji. Birka, katika kisiwa cha Björkö ndani ya ziwa Mälaren nchini Uswidi, ulidumu tangu karibu mwaka 750 hadi karibu mwaka 975. Kaupang, jirani na Larvik nchini Norwei, ulianza karibu mwaka 800 na ulikuwa umekufa kabla ya karne ya 10 kwisha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayejiandaa kuchimbua mahali pa aina hiyo, awe mwanafunzi, mtaalamu aliyezoea maeneo mengine au kiongozi mpya wa kikosi. Kwa kuwa kanuni nyingi za uchimbuaji ni zile zile popote, nitakaa zaidi kwenye mambo yanayoutofautisha mji wa biashara uliohamwa na makaburi, ngome au kijiji cha wakulima, nayo ni udongo uliolimwa, matabaka membamba yaliyobanana, vitu vidogo vya sokoni na mbao zilizolowa kwa karne nyingi.

Swali kabla ya koleo

Uchimbuaji huharibu kile kile unachokichunguza. Tabaka likishaondolewa halirudi, na kinachobaki ni michoro, picha, sampuli na vitu vilivyookotwa. Kwa sababu hiyo, kikosi ambacho hakiwezi kuandika kwa sentensi mbili tatu kinachotafuta hakistahili kupewa koleo. Swali zuri ni lile linaloweza kujibiwa na udongo. Je, watu waliishi pale mwaka mzima, au walifika msimu wa soko na kuondoka? Viwanja vya wafanyabiashara viligawanywa kabla ya nyumba kujengwa, au baadaye? Mji uliachwa kwa ghafla, au wafanyabiashara walipungua kidogo kidogo? Kila swali huupeleka mtaro mahali pake. Swali la makazi ya msimu linahitaji sakafu, meko na kuta, basi utachimba katikati ya viwanja. Swali la mizigo na meli litakupeleka ufukoni. Na swali la mwisho wa mji linaanzia juu kabisa, katika udongo ambao wachimbuaji wengi wameutupa.

Kabla ya kuamua, soma maandishi ya zama zenyewe, maana ni machache na yana uzito. Kumbukumbu za kila mwaka za Wafaranki zinasimulia kwamba mwaka 808 Godfred, mfalme wa Wadani, aliuharibu mji wa Reric na kuwahamishia wafanyabiashara wake Sliesthorp, kwenye hori ya Schlei, mahali ambapo watafiti wengi wanapatambua kuwa Hedeby. Baharia Ottar alimweleza Alfred, mfalme wa Wessex huko Uingereza, mwishoni mwa karne ya 9, kwamba safari ya kutoka Sciringesheal, mahali ambapo watafiti wanapatambua kuwa Kaupang, hadi Hedeby ilichukua siku 5. Ibrahim ibn Yaqub al-Tartushi, msafiri kutoka Andalusia, aliufika Hedeby karibu mwaka 965 na kuueleza kuwa mji mkubwa ulio mwisho kabisa wa bahari ya dunia, ambao chakula kikuu cha watu wake kilikuwa samaki. Maandishi hayo yakusaidie kuuliza, lakini yasikulazimishe kuona katika udongo jambo ambalo udongo wenyewe hauonyeshi. Si kila safu ya majivu utakayoikuta Hedeby ni moto wa Harald, kwa kuwa karakana ya mhunzi huzalisha majivu siku zote.

Kibali ni lazima, na sheria hutofautiana. Nchini Norwei, sheria ya urithi wa kitamaduni ya mwaka 1978 inalinda moja kwa moja mabaki yote ya kale yaliyotangulia mwaka 1537. Nchini Uswidi, hata kutembea shambani na chombo cha kugundua metali kunahitaji ruhusa ya mamlaka ya mkoa. Nchini Ujerumani, kila jimbo lina sheria yake, na Hedeby uko chini ya idara ya akiolojia ya Schleswig-Holstein. Birka uliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1993, na Hedeby pamoja na boma la Danevirke mwaka 2018, jambo linaloongeza masharti. Omba kibali ukiwa tayari na fedha za kuhifadhi vitu utakavyovipata, kwa sababu kazi ya maabara na ghala huendelea kwa miaka mingi baada ya mitaro kufukiwa.

Kuutafuta ufuo wa zamani

Mji wa biashara wa Waviking uliishi kwa maji, na maji hayo hayako tena pale yalipokuwa. Sehemu kubwa ya Skandinavia bado inainuka baada ya kutuliwa mzigo wa barafu nzito iliyoilalia zamani. Kwa hiyo huko Birka maji ya zama zile yalifika takriban mita 5 juu ya usawa wa leo, na magati ya mwanzo yamo ndani ya nchi kavu, chini ya nyasi. Kaupang nao una hali kama hiyo, kwani sehemu iliyokuwa maji ya bandari sasa ni ardhi. Hedeby ni kinyume chake: maji yamepanda, na mabaki ya magati yamelala chini ya maji ya Haddebyer Noor. Anayechora mtaro wake kwa kuufuata ufuo wa leo huenda akachimba sakafu ya bahari ya kale akidhani yumo mjini, au akauacha mji mzima mgongoni.

Anza basi na ramani ya miinuko iliyopimwa kwa leza kutoka angani. Kisha toboa ardhi kwa kekee ya mkono katika mistari inayokatiza ufuo unaoukisia, ukitazama katika kila tundu ni kwa kina gani udongo mweusi wa makazi unapokoma na mchanga au tope la majini linapoanza. Mistari mitatu minne ya matundu hayo hukuonyesha ufuo wa kale kwa gharama ndogo, nami ningeifanya hata kama picha za vyombo vya kisasa zinaonekana kutosha.

Baada ya hapo ndipo ije magnetomita, chombo cha kupima usumaku wa ardhi. Udongo uliochomwa hubeba usumaku tofauti na udongo unaouzunguka, kwa hiyo meko, tanuri, nyumba zilizoungua na mitaro iliyofukiwa huonekana katika picha bila jembe kuinuliwa. Rada ya kupenya ardhini hufaa kwenye mchanga mkavu na hushindwa kwenye tope na udongo wa mfinyanzi. Fosfati, inayotokana na mifupa, mavi na taka za jikoni, hupimwa katika sampuli za udongo na kuonyesha ukubwa wa eneo lililokaliwa. Huko Hedeby, ambako boma la nusu duara lenye urefu wa takriban kilomita 1.3 linazunguka karibu hekta 24, vipimo vya namna hii ndivyo vinavyoruhusu mpango wa mji kujadiliwa ilhali ni takriban asilimia 5 tu ya eneo hilo iliyochimbwa. Kumbuka tu kwamba picha ya magnetomita haina tarehe: karne mbili na zaidi za meko zimelaliana katika karatasi moja, na mtaro mdogo wa majaribio ndio utakaozitenganisha.

Udongo uliolimwa ni tabaka

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu ndipo makosa makubwa zaidi yamefanyika. Mji ukishahamwa, ardhi yake nyeusi yenye rutuba huwa shamba zuri, na plau huipindua kwa karne nyingi hadi kina cha sentimita 25 au 30, pengine zaidi. Matabaka ya juu ndiyo ya mwisho kuwekwa. Kwa hiyo sakafu za miaka ya mwisho ya mji, zenye ushahidi wa jinsi biashara ilivyokoma, ndizo zilizosagwa na plau. Anayeleta mashine na kuukwangua udongo huo ili afike haraka kwenye matabaka mazima anakuwa ameutupa mwisho wa mji na kubaki na mwanzo wake. Kaupang ndio mfano ulio wazi: katika uchunguzi ulioongozwa na Dagfinn Skre wa Chuo Kikuu cha Oslo, ambao uchimbuaji wake mkuu ulikuwa kati ya mwaka 2000 na 2002, matabaka mazima yaliyosalia yalikuwa ya miongo ya kwanza, na habari za miongo iliyofuata zilitokana kwa sehemu kubwa na sarafu, mawe ya mizani na shanga zilizookotwa katika udongo uliolimwa.

Utaratibu wenyewe si mgumu, ila unataka subira. Gawanya shamba katika miraba kwa vigingi vilivyopimwa na mpima ardhi. Subiri lilimwe na kunyeshewa, kwa sababu mvua huosha shanga na vipande vya vyungu vikaonekana juu. Watu watembee kwa mistari iliyokaribiana wakiokota kwa macho, kisha waje wenye vyombo vya kugundua metali, wapite mara ya kwanza kutoka kaskazini kwenda kusini na mara ya pili kutoka mashariki kwenda magharibi. Kila kitu kipewe namba, mfuko wake na kipimo chake cha mahali palepale kinapookotwa. Usikiruhusu chombo kupuuza chuma eti kwa sababu kelele zake ni nyingi. Misumari ya ribiti iliyofunga mbao za mashua ni chuma, na mtawanyiko wake unaweza kukuonyesha mahali mashua zilipotengenezwa au kuvunjwa. Mwishowe, kabla ya kufungua mtaro, ondoa udongo uliolimwa kwa koleo, mraba kwa mraba, na kuuchekecha wote au sehemu yake iliyopangwa mapema. Plau huvisogeza vitu, lakini mara nyingi haivipeleki mbali kiasi cha kufuta sura ya mtawanyiko wake.

Chukua mfano wa jiwe la mizani la madini ya risasi. Linapotoka ardhini huwa na gamba jeupe la kijivujivu, na ukubwa wake unaweza kuwa kama wa kokwa ya zeituni. Mkono wa mtu asiyezoea hutamani kulisugua ili lionekane vizuri, na hapo hapo huiharibu habari ambayo ndiyo sababu ya jiwe hilo kuwepo, yaani uzito wake. Usilisugue wala usiliache liviringike mfukoni pamoja na misumari. Liweke katika kisanduku kidogo chenye lebo, udongo wake ukiwa bado umeligandama, na maabara italisafisha, kulipima na kukadiria uzito wa awali. Huenda juu yake pakawa na kipande cha shaba iliyopakwa dhahabu kilichokatwa kwenye pambo la Ayalandi au Uingereza, na kipande hicho kikitoka, asili yake imepotea. Mawe kadhaa yakikusanyika katika mraba mmoja pamoja na vipande vidogo vya madini ya fedha, unayo sababu ya kusema kwamba mahali pale watu walisimama na mizani mkononi.

Madini ya fedha nayo yasisafishwe shambani. Biashara ya Waviking iliendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha iliyopimwa uzito, kwa hiyo dirhamu, sarafu za fedha za Waislamu, zilikatwa vipande, na bangili zilikatwakatwa vivyo hivyo. Ukingoni mwa vipande hivyo huonekana vichanjo vidogo vya ncha ya kisu, alama ya mnunuzi aliyetaka kujua kama fedha ilikuwa safi hadi ndani, na brashi ngumu huvifuta kwa urahisi.

Kushuka tabaka kwa tabaka

Chini ya udongo uliolimwa, mji wa biashara huonekana kama mrundikano wa safu nyembamba za mchanga, majivu, udongo wa mfinyanzi, makapi ya kazi na samadi, nyingine zikiwa na unene wa sentimita moja au mbili. Kila mara meko yalipojengwa upya au sakafu ilipotandikwa mchanga mpya, safu iliongezeka. Huko Birka watu wanauita udongo huo kwa rangi yake nyeusi, na kikosi cha Björn Ambrosiani kilichouchimba kati ya mwaka 1990 na 1995 kilipata humo viwanja vilivyopangwa na karakana ya fundi wa kuyeyusha na kumimina shaba.

Kila tabaka, kila shimo na kila ukuta upewe namba yake, na vitu vyote, sampuli zote na picha zote ziifuate namba hiyo. Ondoa kwanza kilichowekwa mwisho. Shimo la nguzo lililokatiza sakafu tatu lichimbwe na kumalizwa kabla sakafu ya juu haijaguswa, la sivyo shanga iliyodondoka ndani ya shimo itahesabiwa kuwa ya sakafu ya kale na kuvuruga tarehe za mji mzima. Mahusiano ya matabaka, lipi juu ya lipi na lipi limekata lipi, yachorwe siku hiyo hiyo katika mchoro wa mtiririko uliobuniwa na mwanaakiolojia Edward Harris mwaka 1973. Ukiahirisha mpaka mwisho wa wiki utakuta kumbukumbu zimechanganyika, hasa kama watu wawili walichimba pande mbili za kiwanja kimoja.

Kazi ya mkono yenyewe ni hii. Piga magoti juu ya ubao au godoro dogo, usikanyage uso uliokwisha kusafishwa. Ushike mwiko kwa namna ya kutumia ukingo wake, si ncha, na uvute udongo kukuelekea kwa mivuto mifupi iliyolala, ukirudi nyuma kidogo kidogo. Sikiliza na kuhisi, kwa kuwa mchanga hukwaruza, udongo wa mfinyanzi huteleza, na majivu huwa laini kama unga. Rangi inapobadilika chini ya mwiko, simama. Nyunyiza maji kidogo juu ya uso wote, subiri yanyonywe, na mipaka ambayo ilikuwa haionekani itajitokeza. Ukuta wa fito uliokandikwa udongo, ambao ndio ukuta wa kawaida wa nyumba nyingi za Hedeby, huenda ukajionyesha kwa mstari wa vidoa vyeusi vyenye upana wa kidole gumba tu, na ukivipita umepoteza mpaka kati ya nyumba na uchochoro.

Acha pia kuta chache za udongo bila kuchimbwa zikikatiza mtaro, ili uone matabaka kwa ubavu na kuyachora. Kwenye sehemu zenye safu nyembamba mno, kata bonge zima la udongo, lifungwe kwa bendeji ya plasta na kupelekwa maabara likiwa halijavunjika, ambako litaimarishwa kwa gundi na kukatwa vipande vyembamba vya kuangaliwa kwa hadubini. Hadubini inaweza kutofautisha sakafu iliyokanyagwa kwa muda mrefu na sakafu iliyoachwa ikalowa mvua, na hiyo ndiyo njia mojawapo bora ya kujibu swali la makazi ya msimu. Kikosi cha Chuo Kikuu cha Aarhus kilichochimba soko la kale la Ribe nchini Denmaki mwaka 2017 na 2018, chini ya Søren Sindbæk, kiliunganisha mbinu hizo na upimaji wa nyuso za matabaka kwa leza, jambo ambalo leo mtu yeyote mwenye kamera nzuri anaweza kulikaribia kwa kupiga picha nyingi zinazopishana na kuzigeuza kuwa modeli ya pande tatu.

Chekeche

Mji wa biashara haujulikani kwa vitu vyake vikubwa. Hujulikana kwa punje za kioo, vipande vya kalibu za udongo, vipande vya pembe za kulungu vilivyobaki baada ya chanuo kutengenezwa, chembe za kaharabu, na magamba ya chuma yanayoruka chini ya nyundo ya mhunzi. Hivyo havionekani kwa jicho la mtu anayechimba, hata awe hodari. Udongo wa matabaka mazima uchekechwe wote kwa maji, kwa nyavu za milimita 4 au 2 kulingana na swali, na ndoo kadhaa kutoka kila tabaka zipelekwe kwenye pipa la kuelesha ili mbegu zilizoungua zielee juu na kukusanywa. Pitisha sumaku juu ya masalia yaliyokauka. Magamba ya nyundo yatashikamana nayo, na wingi wake mraba kwa mraba utakuonyesha fuawe ilisimama wapi hata kama haipo tena.

Jambo moja linastahili kutajwa hapa. Mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha chuma), vipande vya mawe ya kusagia na vinoo vilivyovunjika visitupwe kwa kuwa ni vizito na havipendezi. Jiwe la kusagia la basalti limetoka eneo la Mayen, karibu na mto Rhine. Kinoo na chungu cha jiwe la sabuni huwa vimetoka milima ya Norwei. Akiki na bilauri (jiwe angavu kama kioo) zimepitia njia ndefu za mashariki. Vitu hivi vizito au vya mbali ndivyo vinavyochora ramani ya biashara, na tofauti na sarafu, vilitumika na kutupwa mjini humo humo.

Linganisho na uchimbuaji wa zamani lifanywe kwa tahadhari. Mtaro uliochimbwa bila chekeche hutoa shanga chache, na uchache huo hausemi lolote kuhusu soko.

Mbao na maji

Karibu na ufuo utafika chini ya usawa wa maji ya ardhini, ambako hewa haiingii na vijidudu vinavyoozesha haviwezi kufanya kazi. Hedeby ndiko hazina hii imedhihirika zaidi: nyumba ya karibu mwaka 870 ilikutwa na kuta na mapaa yake yakiwa yameanguka kwenye tope, kiasi kwamba imewezekana kujenga upya mfano wake. Bandarini, uchimbuaji wa mwaka 1979 na 1980, uliofanywa ndani ya uzio wa chuma uliozuia maji, ulitoa mabaki ya meli ndefu ya vita ya takriban mita 30 iliyojengwa karibu mwaka 985, matambara ya nguo yaliyolowa lami, na mfuko wa ngozi wenye modeli zaidi ya 40 za shaba za fundi wa vito.

Mbao za namna hii huonekana imara lakini zimejaa maji mahali pa nyama ya mti, na zikikaushwa kwa hewa hujikunja na kupasuka ndani ya siku chache, wakati mwingine ndani ya saa. Weka basi mabomba ya kunyunyizia, funika kwa sponji iliyolowa na plastiki nyeusi, na ufungue sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja. Weka kando mwiko wa chuma na utumie vijiti, vidole na mkondo mdogo wa maji. Jukwaa la mbao lililoning'inizwa juu ya mtaro ni muhimu, kwani hakuna anayeweza kupiga magoti juu ya ubao uliooza bila kuuacha na alama. Mbao zikishainuliwa zikae ndani ya maji baridi gizani hadi zitakapoingizwa polietileni glikoli, kemikali inayochukua nafasi ya maji ndani ya mbao, na kukaushwa kwa kugandishwa. Kama hakuna maabara iliyokubali kwa maandishi kuzipokea, usizifungue. Zimekaa salama kwa miaka elfu moja, na zitaendelea kukaa maadamu maji ya ardhini hayashuki.

Chuma, pembe na ngozi navyo vina masharti yake, lakini kanuni moja inatosha kwa shambani: kilichotoka kikavu kibaki kikavu, kilicholowa kibaki kimelowa, na donge la kutu lipigwe eksirei kabla ya kuguswa, kwa sababu mara nyingi ndani ya kutu ya pini ya nguo kuna nyuzi za nguo yenyewe.

Tarehe

Mti wa mwaloni uliobakiwa na gamba lake, kwa pete zake za ukuaji, moja kwa kila mwaka, hutoa mwaka ambao mti ulikatwa, pengine hata msimu. Kata kipande cha duara kutoka sehemu yenye pete nyingi, zisipungue 50, na uichore mbao kwanza kabla ya kuikata. Kumbuka kwamba nguzo za zamani zilitumiwa tena, hivyo mwaka wa mti si lazima uwe mwaka wa nyumba.

Dirhamu ina faida ambayo sarafu nyingi za Ulaya ya wakati ule hazina, yaani mwaka wa Hijria na jina la mji ilikopigwa. Lakini inakuambia tu kwamba tabaka haliwezi kuwa la kale kuliko mwaka huo, na sarafu hizi zilizunguka kwa miongo mingi kabla ya kupotea. Radiokaboni, yaani upimaji wa umri kwa kiasi cha kaboni-14 kilichobaki katika mabaki ya viumbe, kwa upande wake, ilikuwa na upana wa makosa uliozidi umri wa viwanja vyenyewe, mpaka watafiti walipotumia ongezeko la ghafla la kaboni-14 lililotokea angani karibu mwaka 775 na kuacha alama katika pete za miti ya mwaka huo. Ribe, kwa kupima mfululizo wa matabaka dhidi ya alama hiyo, imewezekana kusema kwamba shanga za Mashariki ya Kati zilianza kufika sokoni karibu mwaka 790, kwa tofauti isiyozidi mwongo mmoja. Ukitaka kufikia usahihi huo, chukua mbegu zilizoungua au vijiti vyembamba, usichukue makaa ya mti mkubwa, na uvichukue kutoka katika matabaka mengi yanayofuatana, si mawili matatu yaliyoonekana mazuri.

Kumbukumbu na kufukia

Hjalmar Stolpe, aliyefika Björkö mwaka 1871 akitafuta kaharabu yenye wadudu ndani yake, aliishia kuchimba makaburi yapatayo 1,100, akiyachora kwenye karatasi yenye miraba na kuiandika namba ya kaburi juu ya mabaki. Kaburi alilolichimba mwaka 1878, linalojulikana kama Bj 581, lenye silaha na farasi wawili, lilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa la mwanamume, hadi mwaka 2017 vipimo vya DNA vilipoonyesha kwamba aliyezikwa alikuwa wa jinsia ya kike. Vipimo hivyo viliwezekana kwa kuwa mifupa iliweza kuunganishwa na mchoro wa karne ya 19. Andika basi lebo kwa wino usiofutika, weka nakala ndani ya mfuko na nyingine juu yake, hifadhi data katika muundo usiotegemea programu ya kampuni moja, na peleka nakala kwenye hifadhi ya taifa au ya jimbo kabla kikosi hakijatawanyika.

Mtaro ufukiwe kwa kutandaza kwanza kitambaa kinachopitisha maji, kisha mchanga safi, kisha udongo uliochimbwa, na udongo uliolimwa urudishwe juu. Kama sehemu yenye mbao imeachwa, hakikisha mifereji mipya ya shamba haiwezi kushusha maji yake, na weka mirija michache ya kupimia usawa wa maji kila mwaka. Taarifa ya mwisho, ambayo ratiba na fedha zake ziwe zimepangwa tangu siku ya kuomba kibali, ionyeshe pia matabaka yaliyoachwa bila kuguswa, kina yanapoanzia na sababu za kuyaacha, pamoja na ramani ya mitaro yenye vipimo ambavyo kikosi kingine kinaweza kuvitumia kurudi mahali palepale.